Mfaransa kaondoka, kamba yake ya kupimia imebaki

Tarehe 1 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, hadhi ambayo kwa ngazi ya taifa lugha hiyo haikuwahi kupewa tangu nchi ilipozaliwa. Kelele nyingi zilihusu Kihispania, kama ilivyotarajiwa. Pembeni yake, hata hivyo, kulizuka ubishi mdogo ambao mimi ndio ulionikamata: je, Louisiana? Na Detroit, St. Louis, Mobile, Baton Rouge, miji iliyoasisiwa na Wafaransa na inayoitwa kwa Kifaransa mpaka leo? Kuna waliosema amri imemzika tu maiti aliyekwisha kuoshwa na kuvishwa sanda zamani. Kuna waliolia kwamba urithi wa miaka mia tatu unafutwa kwa kalamu moja. Naona wote wamejikwaa kwenye kisiki kimoja, maana wote wanaamini urithi huo ni lugha, na wakizidisha sana wanaongeza majumba yenye roshani za chuma. Ninachodai mimi ni kwamba kilichobaki cha Ufaransa katika miji ya Amerika Kaskazini kimo kwenye mipaka ya viwanja, kwenye kanuni za kugawana mali ya marehemu na kwenye kingo za mito, mahali ambapo amri ya lugha haifiki. Na kwa kuwa kimo humo, huwezi kukizungumza bila kuuliza ni nani alilima, nani alinyang'anywa na nani alizikwa pale bila jiwe la kaburi.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza au Kifaransa. Sisi tuna urithi na tuna mirathi. Urithi hutengewa siku yake, ukapigwa picha na kuuzwa kwenye fulana. Mirathi hugawanywa, na ndugu hupelekana mahakamani. Mjadala wa Machi 2025 ulikuwa wa urithi, ilhali jambo lenye uzito ni mirathi.

Turudi nyuma kidogo. Samuel de Champlain alianzisha Québec mwaka 1608. Kutoka hapo Wafaransa waliyafuata maji: Mto St. Lawrence hadi Maziwa Makuu ya huko, kisha Mississippi mpaka Ghuba ya Mexico. Mobile ilianza mwaka 1702, mwaka mmoja baada ya Detroit, ambayo jina lake ni neno la kawaida tu la Kifaransa la mlango mwembamba wa maji. New Orleans ni ya 1718, Ste. Genevieve ni ya katikati ya karne hiyo, St. Louis ni ya 1764. Ukiitazama ramani, utaona upinde mkubwa uliowazunguka Waingereza wa pwani ya Atlantiki, lakini ulikuwa upinde wa watu haba. Ufaransa ilipoipoteza Kanada, walowezi wake huko walikuwa kama 70,000, ilhali makoloni ya Waingereza yalikuwa yamevuka milioni moja. Mkataba wa Paris wa 1763 uliipa Uingereza Kanada na nchi yote ya mashariki ya Mississippi isipokuwa New Orleans. New Orleans na nchi ya magharibi zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa Hispania kwa siri mwaka 1762. Pierre Laclède na kijana Auguste Chouteau walipoanza kufyeka msitu wa St. Louis, ardhi waliyoikanyaga ilikuwa ya mfalme mwingine, nao hawana habari. Napoleon aliirudisha kwa mkataba mwaka 1800, akaiuza kwa Marekani mwaka 1803 kwa dola milioni 15. Kwa hiyo bendera ya Ufaransa ilipepea New Orleans kwa karibu nusu karne tu. Ni muda mfupi kiasi hicho ndio unaofanya swali la kilichobaki liwe na maana.

Nianze na hoja ya lugha, kwa sababu wenye hoja hiyo si watu wa kupuuzwa. Kwanza wana historia ya maumivu. Bunge la Marekani lilipoiruhusu Louisiana kujitayarisha kuwa jimbo, mwaka 1811, liliweka sharti kwamba sheria na kumbukumbu zake ziandikwe kwa lugha ya sheria za Marekani, yaani Kiingereza. Katiba ya Louisiana ya 1921 ikakiondoa Kifaransa madarasani, na wapo wazee waliokua wakiandikishwa mstari mmoja mara mia kwamba hawatasema tena Kifaransa katika uwanja wa shule. Maine ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1919, Manitoba ya Kanada mwaka 1916. Pia wana ushindi wa kujivunia. Mwaka 1968 Louisiana iliunda baraza la kukuza Kifaransa, katiba yake ya 1974 inatambua haki ya watu kuhifadhi asili zao za lugha na utamaduni, na mwaka 2018 jimbo hilo liliingia kama mtazamaji katika jumuiya ya kimataifa ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Amri ya 2025 haikufuta hata moja kati ya hayo. Ilifuta amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri, halafu yenyewe ikasema wakuu wa idara hawalazimiki kuacha kutoa huduma kwa lugha nyingine. Anayeilaani na anayeishangilia, wote wameipa nguvu isiyokuwa nayo.

Lakini hata tukiwapa haki yao yote, lugha yenyewe inawasaliti. Niliwahi kukaa Detroit wiki chache za baridi kali. Siku moja nikamwuliza dereva wa basi kama anapita barabara ya Gratiot, nikalitamka kwa Kifaransa changu cha shule, midomo mbele kabisa. Akanitazama kama niliyetoka mwezini. Abiria mmoja mzee akaniokoa: "Anataka Grashit." Ndivyo inavyotamkwa. Livernois ni "Livanoi", na kule New Orleans mtaa wa Chartres ni "Chatas". Majina yamebaki kama maganda ya karanga, punje imekwisha kuliwa. Québec ndiyo inayotajwa kama kinyume cha haya, na kweli Kifaransa kule ni lugha ya soko, bunge na ugomvi wa mume na mke. Lakini uliza kwa nini. Kimelindwa na sheria ya mwaka 1977 iliyokiweka mbele kazini, shuleni na kwenye mabango, na ikakazwa tena mwaka 2022. Hiyo ni kazi ya wanasiasa wa Québec wa juzi na jana, watu waliochoka kuamrishwa na mabosi wa Kiingereza katika viwanda vya Montréal. Champlain hakuwaachia. Lugha ilipopata sheria ilisimama, na ilipoachiwa mapenzi ya nyimbo na sherehe ilidhoofika.

Hoja ya majengo ina kasoro kubwa zaidi, ingawa inapendeza macho. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mtaa wa kale wa New Orleans unaoitwa wa Wafaransa uliungua mwaka 1788, Ijumaa Kuu, majengo zaidi ya 800 yakateketea, kisha ukaungua tena 1794. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Hispania, na uliojengwa upya ni mji wa Kihispania: kuta za matofali zilizopigwa lipu, nyua za ndani, matao. Roshani maarufu za chuma cha kusubu, zile zinazopigwa picha wakati wa sherehe za Mardi Gras, nyingi ni za karne ya 19, mji ukiwa tayari wa Marekani. Jengo kubwa lililosalia kutoka enzi ya Wafaransa wenyewe ni la masista wa Ursula, la katikati ya karne ya 18. Québec nako kuna mzaha wake. Jumba linalopamba kila kadi ya posta, Château Frontenac, ni hoteli iliyojengwa na kampuni ya reli na kufunguliwa mwaka 1893, na aliyeichora, Bruce Price, alikuwa Mmarekani. Hata uwanja wa Place Royale, unaoonekana kana kwamba karne ya 17 imelala usingizi pale, ulirudishwa sura hiyo kuanzia miaka ya 1960 kwa kubomoa na kubandua yale yaliyoongezwa na vizazi vya baadaye. Sisemi ni uongo. Nasema ni uchaguzi, na anayechagua ana sababu zake.

Isipokuwa Ste. Genevieve, Missouri. Pale nakiri mbao zimenishinda. Baadhi ya nyumba za kule zilijengwa kwa nguzo za mwerezi zilizosimamishwa wima, zikachimbiwa moja kwa moja ardhini bila msingi, nafasi katikati zikajazwa udongo uliochanganywa na nyasi. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya miti na udongo hahitaji kuelezwa mchwa na unyevu hufanya nini kwa nguzo ya namna hiyo, na bado zimefikisha miaka mia mbili na zaidi. Mwaka 2020 serikali kuu iliufanya mji huo kuwa hifadhi ya taifa ya historia, na magazeti yakaandika kuhusu nguzo. Kitu kinachonivutia zaidi kiko nje ya mji, chini, kwenye bonde la mto: shamba kubwa la pamoja, Le Grand Champ, ambalo Wafaransa waliligawa vipande virefu vyembamba. Mafuriko ya 1785 yaliwahamisha watu kupanda juu, mji ukahama nao. Shamba halikuhama. Linalimwa hadi leo kwa matrekta, na wakulima wake wanazungumza Kiingereza cha Missouri.

Hapo ndipo tunaifikia kamba. Mfaransa alipima ardhi kwa arpenti, kipimo cha urefu wa karibu mita 58 na nusu. Kiwanja cha kawaida kilikuwa na arpenti mbili, tatu au tano mbele, penye mto, kisha kikaenda nyuma arpenti 40, yaani zaidi ya kilometa mbili. Ni utepe wa ardhi. Waingereza na Wamarekani waliocheka umbo hilo hawakujaribu kuishi humo. Mto ulikuwa barabara, kisima na mahali pa kuvulia, kwa hiyo kila familia ilipata uso wake majini. Mito kama Mississippi hujijengea kingo kwa tope la mafuriko, ndiyo maana penye mto ndipo palipoinuka na penye rutuba, na kadiri unavyokwenda nyuma ardhi inateremka mpaka kinamasi chenye miti ya kuni na ya kujengea. Utepe mmoja ulikuwa na kila kitu: nyumba, bustani, konde, malisho, msitu. Majirani walikuwa umbali wa kuitana. Halafu ikaja sheria. Makoloni haya yalitumia Desturi ya Paris, ambayo kwa ardhi ya watu wa kawaida iliwapa watoto wote mafungu sawa, wasichana kwa wavulana. Baba akifa, utepe ulipasuliwa kwa urefu wake ili kila mtoto apate mto. Vizazi vitatu vikipita, mtu alikuwa na shamba la upana wa uga wa mpira na urefu wa safari.

Sasa ichukue ramani ya Detroit ya leo. Beaubien, Rivard, Dequindre, Chene: ni majina ya familia zilizomiliki tepe hizo, na mitaa inapita kwenye mipaka yao au sambamba nayo. Baada ya moto wa 1805 Jaji Augustus Woodward alichora mji wa duara na miale kama gurudumu, akitaka kuwashinda hata waliochora Washington. Mchoro wake ulikwenda hatua chache ukagonga kingo za mashamba ya Wafaransa, wenye mashamba wakakataa, ukafia pale. Kule New Orleans mto unapinda kama mwezi mchanga, na tepe zilizoanzia kwenye pindo hilo zilikwenda nyuma zikisogeleana kama mbavu za upepeo. Mitaa ya juu ya mji ilikata humo humo, ndiyo maana mgeni anapotea hata akiwa na simu mkononi. Mwaka 2005 Kimbunga Katrina kilipovunja kuta za maji na karibu asilimia 80 ya mji kufurika, ukanda wa zamani penye mto, ule ule uliochaguliwa na wapimaji wa Kifaransa, ulisalia mkavu kwa sehemu kubwa. Walioathirika zaidi walikuwa wa chini, kwenye vinamasi vilivyokaushwa kwa pampu katika karne ya 20. Hivyo basi ramani ya 1720 iliamua kwa kiasi fulani nani alale kwake na nani apande paa akisubiri mashua.

Mahali ambapo kamba hii ilitoa cheche ni Mto Mwekundu, palipo na Winnipeg sasa. Pale hapakuwa chini ya mfalme wa Ufaransa kwa maana ya kiserikali. Vizazi vya wapiga kasia na wafanyabiashara wa manyoya kutoka Montréal vilioa wanawake wa Kikree na Kiojibwe, likazaliwa taifa la Wametisi, nao wakagawana ardhi kwa tepe za mtoni kama babu zao wa St. Lawrence. Tarehe 11 Oktoba 1869 wapimaji kutoka Kanada walifika na mnyororo wa kupimia miraba, wakaanza kuuvuta juu ya malisho ya Mmetisi mmoja. Louis Riel, kijana wa Kimetisi, hajatimiza miaka 25, alikuja na wenzake zaidi ya kumi, bila bunduki, wakaukanyaga mnyororo. Kazi ikasimama. Kutokana na mguu ule ilipatikana serikali ya muda, kisha jimbo la Manitoba la mwaka 1870, ambalo sheria yake iliahidi lugha mbili na ekari milioni 1.4 kwa watoto wa Wametisi. Ahadi ya ardhi ilivurugwa, ardhi ikaishia mikononi mwa walanguzi, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua kwamba serikali haikuitekeleza kwa uaminifu uliostahili. Niambie kama ugomvi ule ulikuwa wa lugha. Riel alijua Kiingereza vizuri. Alichokanyaga ni umbo la shamba.

Sheria nayo haikufuata bendera. Waingereza waliotawala Québec waliirudisha sheria ya Kifaransa katika mambo ya mali na familia kwa sheria ya bunge lao ya 1774, kwa kuhofia kuwakasirisha Wakanada wakati makoloni ya kusini yanachemka. Mashamba ya makabaila yalifutwa rasmi mwaka 1854, ila malipo yaliyotokana nayo yalizidi kukusanywa mpaka 1940. Louisiana wilaya zinaitwa parokia mpaka leo, 64 kwa jumla, na wanasheria wake husoma kanuni za kiraia ambazo wenzao wa majimbo mengine 49 huzitazama kama ushirikina. Kanuni ya 1825 iliandikwa kwa Kifaransa na kutafsiriwa Kiingereza, na tafsiri ile ilikuwa na makosa kiasi kwamba mahakama zilishikilia kuwa maandishi yakigongana, Kifaransa ndicho kinachoshinda. Mzazi wa Louisiana hawezi kumnyima fungu lake mtoto ambaye hajafikisha miaka 24, au asiyejiweza kwa ulemavu wa kudumu. Hadi miaka ya 1990 kinga hiyo ilikuwa ya watoto wote. Msomaji wa Kiislamu aliyezoea kwamba wasia hauvuki theluthi hatashangaa, lakini Mmarekani wa Texas atashangaa sana. Ni kweli wasomi wa sheria wamebishana tangu miaka ya 1970 kama kanuni za mwanzo zilikuwa za Kifaransa ndani na nje, au za Kihispania zilizovaa joho la Kifaransa. Ubishi wenyewe unaonyesha jinsi neno "Kifaransa" linavyoficha mengi.

Kisa cha mchanga wa mtoni ndicho nikipendacho. Mississippi ikipungua huacha ufukwe kati ya tuta na maji, nao wenyeji wa New Orleans waliuita batture. Walichota mchanga hapo bure, wakatia nanga hapo, wakauza vitu hapo. Mwaka 1807 mwanasheria kutoka New York, Edward Livingston, akapata hukumu kwamba sehemu yake ni mali ya mteja wake, naye akaanza kujenga. Watu wakaja kwa mamia kuwafukuza vibarua wake, maana kwa sheria waliyoijua wao ukingo wa mto ni wa kutumiwa na wote. Rais Thomas Jefferson akaingilia na kumtoa Livingston kwa nguvu mwanzoni mwa 1808. Mmoja wa walioandika kuutetea upande wa wananchi alikuwa Pierre Derbigny. Miaka ikapita, na Livingston na Derbigny wakakaa meza moja, pamoja na Louis Moreau-Lislet, kuandika kanuni ya 1825! Mpaka sasa kanuni za Louisiana zinasema kingo za mito inayopitika kwa vyombo ni mali ya watu binafsi, lakini zinabeba haki ya matumizi ya umma.

Nimeiacha mwisho hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayouzwa zaidi na mabroshua ya utalii: kwamba Mfaransa alikuwa mkoloni mpole. Waingereza walifyeka na kufukuza, eti Wafaransa walioa, walifanya biashara, walicheza fidla. Kuna punje ya ukweli ndani. Mwaka 1701 wajumbe wa mataifa karibu arobaini ya wenyeji walikutana Montréal kufanya amani kubwa, na bila washirika hao ngome kama Detroit isingeona mwaka wa pili. Lakini upole huo ulikuwa wa mtu mwenye watu wachache na biashara ya manyoya inayomtegemea mwindaji. Tabia haikubadilika, hesabu ndiyo iliyobadilika. Wanatchez, wenyeji wa bonde la Mississippi, walipoasi mwaka 1729 kwa sababu ya kunyang'anywa ardhi, Wafaransa waliwasambaratisha na kuwauza mamia kwenye mashamba ya Saint-Domingue, Haiti ya leo. Wenyeji wengine, Wameskwaki, walikaribia kufutwa kabisa mwaka 1730. Familia zenye mitaa Detroit zilimiliki watumwa, wengi wao Wahindi Wekundu, wengine Waafrika. Na Louisiana, palipohitajika mikono ya kulima, Ufaransa ilileta meli za watumwa kuanzia 1719, hasa kutoka Senegambia, watu waliojua kilimo cha mpunga kuliko mabwana zao.

Sheria ya Watu Weusi ya Louisiana ya mwaka 1724 inapaswa kusomwa na kila anayenunua kikombe chenye ua la yungiyungi la Kifaransa. Mtumwa akitoroka mwezi mmoja, ilisema, akatwe masikio na kupigwa chapa ya ua hilo begani. Akirudia, akatwe mshipa wa nyuma ya goti na kupigwa chapa bega la pili. Mara ya tatu ni kifo. Ua hilo hilo leo liko kwenye bendera ya Québec tangu 1948, kwenye bendera za St. Louis na Detroit, na kwenye kofia za wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa New Orleans. Simtaki mtu alifute. Watu weusi wa New Orleans wenyewe hulivaa, hasa baada ya Katrina, na si juu yangu kuwapangia. Ila anayesema alama hiyo inathibitisha ukoloni wa ukarimu, mwambie liliwahi kuandikwa kwa chuma cha moto juu ya ngozi. Hata kule Ste. Genevieve, katika mojawapo ya nyumba zile za nguzo za mwerezi aliishi Pélagie, aliyezaliwa mtumwa, akawa mke wa Benjamin Amoureux, akaendesha duka. Hadithi ya nyumba ile ni yake kuliko ya nguzo.

Nini kinafuata basi? La kwanza ni kwamba swali la nani mrithi haliwezi kujibiwa kwa lafudhi wala kwa jina la ukoo. Saint-Boniface, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya Winnipeg, ulikuwa mji wa Wafaransa na Wametisi. Leo, ukiingia kwenye jumuiya zake za Kifaransa utakutana na watu wa Bukavu, Goma na Bujumbura, waliojifunza lugha hiyo kwa urithi wa Mbelgiji na wanaosengenyana kwa Kiswahili. Lewiston, Maine, ambako Kifaransa kililetwa na vibarua wa viwanda vya nguo kutoka Québec, wazee waliokatazwa lugha yao shuleni wamepata wa kuzungumza naye: Mkongo aliyefika majuzi. Nimewasikia watu wakiuita huu muujiza wa lugha. Mimi naona kitu cha kawaida zaidi. Lugha husafiri na watu, hufa na kufufuka nao. Mkongo yule hata hivyo hapati utepe wa mtoni. Anapanga chumba, kodi tarehe moja, kwenye kiwanja kilichopimwa kabla babu yake hajazaliwa.

La pili ni zito zaidi. Kati ya Baton Rouge na New Orleans, tepe za arpenti zilikua mashamba ya miwa, kila moja likiwa na uso wa mto mbele na kina kirefu nyuma. Karne ya 20 ilipoleta viwanda vya mafuta na kemikali, vilikuta kile vilichokitaka: eneo kubwa la mmiliki mmoja, bandari ya asili mbele, nafasi ya kutupa taka nyuma. Vilinunua shamba zima zima. Waliokuwa watumwa, baada ya uhuru, walikuwa wamejenga vijiji kwenye vipande vyembamba pembeni mwa mashamba hayo hayo, na ndio maana vijiji hivyo leo vimebanwa na mitambo kushoto na kulia, katika ukanda ambao wakazi wenyewe wanauita wa saratani. Umbo la mita 58 na nusu lililochorwa ili kila familia ipate maji ndilo limeamua nani avute moshi. Ukitaka kuhifadhi urithi wa Kifaransa kwa dhati, fedha zingine zipeleke kwenye vitabu vya hati katika mahakama za parokia, kwa sababu humo ndimo mipaka ilimoandikwa, na humo ndimo watu walimoandikwa pia, pamoja na nyumbu na majembe.

Katika parokia ya St. James, ardhi ya mashamba mawili ya zamani ya miwa ilitengwa kwa kiwanda kikubwa cha plastiki. Ramani ya karne ya 19 ilionyesha makaburi ndani yake, na uchimbaji ukathibitisha. Juni 2020, siku wanayoadhimisha mwisho wa utumwa, wakazi walipata ruhusa ya jaji kuingia na kufanya ibada hapo. Waliomba kwa Kiingereza, kwenye utepe mrefu mwembamba unaoanzia mtoni, nyuma ya uzio wa kampuni.